Kusi ya Ubavuni: Kwa Nini Matatu Ndefu Huhangaika Kati ya Malindi na Mombasa

Kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusi ukivuma, dereva wa gari la paa la juu anayefanya safari za Mombasa na Malindi huona jambo ambalo abiria walio nyuma yake hawana habari nalo. Kuja Malindi, usukani umetulia. Kurudi Mombasa alasiri, gari lile lile, tairi zile zile, mwendo ule ule, linakuwa kaidi. Kila likitoka kwenye kinga ya mikorosho na minazi linasukumwa kuelekea katikati ya barabara. Dereva analirudisha, linasukumwa tena, na akifika Mtwapa mabega yamekakamaa. Kesho yake analipeleka kwa fundi: "Gari linayumba." Fundi anabadilisha shokomzoba, pesa inakwenda, na upepo ukirudi gari nalo linarudia yale yale.

Shokomzoba hazina kosa. Upepo wa ubavuni hulifanyia gari refu mambo matatu kwa mpigo, na kila moja lina dawa yake. Usipoyatenganisha, utalipia dawa ya lile ambalo si lako.

La kwanza ni kusogezwa. Gari zima linasukumwa pembeni, raba za tairi zinajipinda kidogo, na ili kwenda moja kwa moja dereva hulazimika kuuweka usukani upande wa upepo muda wote. La pili ni kulala: paa linainamia upande usio na upepo, springi za upande huo zinabonyea na za upande wa pili zinanyanyuka. Hili ndilo abiria hulisikia, na ndilo linalowafanya washike viti. La tatu, ambalo ndilo linalochosha mikono ya dereva na ambalo halitajwi sana gereji, ni kuzungushwa pua.

Gari likiwa mwendoni, upepo haulali sawasawa kwenye ubavu kutoka mbele hadi nyuma. Hewa inalijia mshazari, inagonga kona ya mbele ya upande wa upepo, kisha inaizunguka kona ya mbele ya upande wa pili kwa kasi na kuacha mvuto mkali pale. Sehemu kubwa ya msukumo inaangukia theluthi ya mbele ya gari. Kitovu cha uzito kiko nyuma zaidi ya hapo. Matokeo yake ni kwamba pua inageuzwa kuukimbia upepo, na gari linaanza kufuata njia nyingine ambayo dereva hakuichagua. Gari lenye uso bapa na pua fupi, ambalo injini yake imelala chini ya viti vya mbele, lina udhaifu huu kuliko gari lenye boneti, kwa sababu ubavu mrefu unaanzia mbele kabisa ya magurudumu.

Sasa tutie namba. Toyota HiAce ya kawaida, hizi tulizozizoea steji, ina urefu wa karibu mita 4.7 na kimo cha mita 1.98. Ndugu yake mrefu wa paa la juu ana mita 5.38 kwa kimo cha mita 2.28 hivi. Ukiondoa nafasi iliyo chini ya gari, ubavu wa ile ya kwanza ni kama mita 8 za mraba, wa ya pili unakaribia 11. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao siku ya kusi kali si kitu cha kushangaza, ukigonga ubavu wa ile ya kwanza ikiwa imesimama, unaisukuma kwa nguvu sawa na uzito wa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Ile ndefu inapata mfuko mmoja na theluthi. Si nyingi. Lakini kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Kwa hiyo wimbi la ghafla linalopanda kutoka kilomita 36 hadi 54, jambo ambalo kwenye ngozi unalihisi kuwa ni nyongeza ndogo tu, limeshazidisha msukumo zaidi ya maradufu.

Kuja na kurudi si safari moja

Hapa ndipo penye jibu la yule dereva wa Mtwapa.

Barabara ya Mombasa kwenda Malindi haielekei kaskazini kamili, inakata kidogo kuelekea mashariki. Kusi nayo hutoka kati ya kusini na kusini mashariki. Anayekuja Malindi anaupata upepo kwenye bega la kulia kwa nyuma. Gari linaukimbia, na sehemu ya kasi ya upepo inajitoa. Anayerudi Mombasa anaupata usoni kwa upande wa kushoto, na kasi ya upepo inajumlishwa na ya gari. Tuchukue gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa na upepo wa 36 unaotoka kusini kwa kuelemea mashariki kidogo. Anayekuja, hewa inayopita mwilini mwa gari ina kasi ya kama kilomita 62 kwa saa. Anayerudi, ni karibu 107. Upepo wa siku moja, barabara moja, na kwa hesabu ya haraka msukumo wa ubavuni wa kurudi unazidi wa kuja kwa takriban mara 1.7.

Halafu kuna upande. Kenya tunakaa kushoto. Anayekuja Malindi, bahari iko kuliani kwake, kwa hiyo akisukumwa anakwenda kushoto, kwenye mchanga wa kando. Anayerudi, bahari iko kushotoni, akisukumwa anakwenda kulia, kwenye njia ya lori linalopanda kwenda Malindi. Mchanga wa kando unasamehe mara nyingi. Lori halisamehi.

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni habari nyingine. Hutoka kaskazini mashariki, na kwa anayekuja Malindi inamkabili karibu puani. Hiyo inakula mafuta, lakini pua ya gari inaiacha ilipo. Ndiyo maana dereva yule yule anaweza kukuambia Januari kwamba gari lake ni zuri ila "linakunywa", na Julai akakuambia halifai.

Anayekwenda Lamu ana hesabu tofauti. Kutoka Malindi hadi Garsen barabara inapanda kaskazini, na kusi inamsukuma kisogoni, safari tamu. Akishakata Garsen na kushika njia ya Witu hadi Mokowe, barabara inageuka kuelekea mashariki, na sasa kusi inampiga ubavuni moja kwa moja. Nyanda za delta ya Tana ni wazi na tambarare. Kwenda, anasukumwa nje ya barabara. Kurudi, anasukumwa katikati. Ukiniuliza ni wapi Pwani hii ambapo ningelifikiria mara mbili gari la paa la juu lenye mzigo kwenye keria, ningekutajia hapo kabla ya kutaja daraja lolote.

Na madaraja hayajasahaulika. Upepo mfululizo, hata ukiwa mkali, mikono ya dereva inauzoea: usukani unakaa upande kidogo, maisha yanaendelea. Kinachosumbua ni mabadiliko. Ukitoka kwenye miti kuingia wazi, pua inafika kwenye upepo kabla ya mkia, na kwa sekunde hiyo msukumo wote uko mbele. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde, nao ndio muda ambao mtu wa kawaida huuhitaji kuhisi jambo na kuanza kulijibu. Kwa hiyo mashamba ya mkonge ya Vipingo, ambako mimea ni mifupi na pepo zinapita juu yake bila kizuizi, daraja la Kilifi lililofunguliwa mwaka 1991 likiwa juu sana ya mlango wa bahari, daraja la Sabaki ukitoka tu Malindi, na mabwawa ya chumvi ya Gongoni ni mahali pa kujiandaa kabla hujafika, si baada ya kuguswa. Saa nayo ina maana. Asubuhi mapema upepo kwa kawaida huwa mpole. Bara likishapata joto, pepo za bahari zinaongezeka juu ya kusi, na alasiri ndiyo kilele.

Je, upepo unaweza kuliangusha?

Hofu ya abiria ni kwamba gari litalala chali. Hebu tulipime. Chukua HiAce ndefu tupu, kama tani mbili, magurudumu yakiwa yameachana zaidi kidogo ya mita moja na nusu, upepo ukisukuma katikati ya ubavu. Ili magurudumu ya upande mmoja yanyanyuke kwa nguvu ya upepo peke yake, gari likiwa limesimama, upepo unahitaji kuvuma kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Huo ni upepo wa kimbunga. Kusi yetu haifiki huko.

Kwa hiyo magari marefu hayapinduliwi na upepo peke yake. Upepo unaligeuza gari kidogo, dereva anashtuka, anakata usukani kwa nguvu kuelekea upepo unakotoka, na wakati huo huo gari linaingia nyuma ya kichaka au lori na upepo unakatika. Usukani umekatwa lakini kilichokuwa kikiuzuia hakipo tena. Gari linaruka upande wa pili, dereva analirudisha kwa nguvu zaidi, paa lililokuwa limelala kushoto linarushwa kulia pamoja na springi zilizokuwa zimebonyea, na hapo ndipo magurudumu yanapoacha lami. Msukumo wa kwanza ulikuwa mdogo. Mipindo miwili iliyofuata ndiyo mikubwa.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini kulifanya gari lijibu taratibu na kwa njia inayotabirika kuna faida kuliko kulifanya gumu. Wengi hukimbilia ugumu.

Mzigo kwanza, kwa kuwa haugharimu kitu

Manahodha wa majahazi hawahitaji kufundishwa hili. Jahazi tupu hutiwa farumi, mawe au mchanga chini kabisa ya ngama, kabla ya kutwekwa tanga. Gari linafuata kanuni hiyo hiyo: uzito ukae chini, na tena ukae mbele ya mhimili wa magurudumu ya nyuma, si nyuma yake.

Sasa tazama gari la njia ya Malindi linavyopakiwa. Utingo anajaza buti: magunia ya nazi, madumu, masanduku ya barafu yenye samaki. Yote hayo yako nyuma ya magurudumu ya nyuma. Yakibonyeza mkia yanainua pua, tairi za mbele zinapungukiwa na uzito, na dereva anaanza kusema usukani "unaelea". Kitovu cha uzito kimerudi nyuma, msukumo wa upepo umebaki mbele, na umbali kati ya viwili hivyo ndio mkono wa wenzo unaoizungusha pua. Kilichobaki kinapandishwa kwenye keria. Magodoro mawili yaliyosimamishwa ubavu juu ya paa hayana uzito wa maana, lakini yameongeza tanga mahali pabaya kuliko pote. Magunia ya maembe hapo juu ni mabaya kwa namna nyingine: yanapandisha kitovu cha uzito, na kila kona gari linalala zaidi.

Kwa gari la mizigo lisilo na abiria, sogeza vitu vizito vikae sakafuni, katikati ya mihimili miwili, vikiegemea nyuma ya kiti cha dereva. Vifunge, gunia linaloteleza wakati wa upepo ni baya kuliko gunia lililowekwa vibaya. Kwa matatu, chini ya viti kuna nafasi ambayo mara nyingi hukaa tupu huku keria ikilia. Na kama keria haina kazi wiki hii, ifungue. Watembeza watalii wanaotoka Watamu na Malindi kwenda Tsavo Mashariki wana paa la kunyanyua kwa ajili ya kutazama wanyama. Hilo lishushwe na kufungwa kabla ya kurudi lami, hata kama mgeni anapenda hewa.

Kuna wanaofungua madirisha yote wakiamini upepo utapita katikati. Abiria watafurahi. Gari halitaona tofauti kubwa, kwa sababu msukumo mwingi unazaliwa kwenye kona za mbele, na hizo hazina dirisha.

Tairi

Kama nina shilingi za jambo moja tu, ninazimwaga hapa.

Tairi ndicho kitu pekee kinacholishikilia gari lisisogezwe, na kinachofanya kazi hiyo ni ubavu wa tairi kama zilivyo kashata zake, yale meno ya raba yanayogusa lami. Ubavu laini unajipinda kabla ya kushika, dereva anahisi gari linachelewa kumsikia, anaongeza usukani, kisha linaitikia kwa wingi. Hayo ndiyo mazingira ya ule mchezo wa mipindo miwili.

Angalia kwanza kama tairi ni ya aina yake. Tairi za gari dogo la kubeba mizigo huandikwa herufi C au LT kwenye saizi, kama 195R15C, na kando yake kuna namba ya uwezo wa kubeba. Namba 106 maana yake tairi moja inaweza kubeba kilo 950. Namba 91, ambayo ni ya kawaida kwenye gari la saluni, ni kilo 615. Zidisha kwa nne: kilo 2,460. HiAce yenye abiria 14, dereva, na mizigo yao inapita hapo bila shida. Wapo wanaofunga tairi za saluni kwa sababu ni rahisi na zinalainisha safari. Ulaini huo ndio ugonjwa wenyewe.

Pili ni upepo wa ndani. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na mara nyingi cha nyuma ni kikubwa kuliko cha mbele gari likiwa na mzigo. Hupimwa tairi ikiwa baridi, asubuhi kabla ya safari. Kijana wa kujaza upepo akikuuliza "ngapi?" na wewe ukajibu namba moja kwa zote nne, umeshampa kazi isiyo sahihi. Nyuma pakiwa laini kuliko mbele, mkia unateleza pembeni zaidi ya pua, na gari linajipinda zaidi ya ulivyoomba. Kwa sababu hiyo hiyo, ukinunua tairi mbili mpya tu, zifungwe nyuma. Najua mazoea yanasema mbele.

Umri nao usipuuzwe. Namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi ya mitumba yenye kashata nzuri lakini ya miaka mingi ina raba iliyokauka, na jua la huku halisaidii.

Viungo vilivyochoka

Kuna jaribio ambalo halihitaji mashine. Gari likae chini kwa magurudumu yake, injini imezimwa, kufuli ya usukani imefunguliwa. Mtu mmoja anakaa kitini na kuchezesha usukani kidogo tu, inchi kushoto, inchi kulia, haraka haraka bila kusimama. Fundi analala chini juu ya gunia, anakifunika kwa kiganja kiungo cha tairodi, ile fimbo inayoligeuza gurudumu. Kiungo kizima kinakwenda na kurudi kimya. Kilichochoka kinagonga kiganja kabla gurudumu halijasogea. Anahamia upande wa pili, kisha kwenye bushi zinazoshikilia reki ya usukani, ambazo watu wengi husahau kuziangalia na ambazo zikilegea reki yote hutembea pembeni. Bolijointi zinahitaji gurudumu linyanyuliwe na kutikiswa juu na chini.

Mchezo huo wa milimita chache kwenye viungo una maana kubwa siku ya upepo. Ndani ya nafasi hiyo dereva hana sauti. Upepo unayageuza magurudumu unavyotaka na usukani haujui. Kisha tazama bushi za baa ya stebilaiza na lingi zake. Baa hii ya mbele ndiyo inayozuia gari kulala, na bushi zake zikishaliwa inakuwa chuma kinachosafiri bure. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na vitu vingine vyote katika makala haya. Chumvi ya hewa ya Pwani huvila viungo hivi mapema, hasa kwa magari yanayolala karibu na bahari.

Shokomzoba sasa. Kazi yake si kuzuia gari lisilale; upepo ukikaa palepale, gari litalala kiasi kile kile liwe na shokomzoba mpya au kuukuu. Kazi yake ni kupunguza kasi ya kulala na kulizuia lisirudi na kupitiliza. Ndiyo maana zikifa, mpindo wa pili unakuwa mbaya kuliko wa kwanza. Kama gari linaendelea kucheza baada ya upepo kupita, badilisha. Kama linasukumwa tu na kutulia, tatizo liko kwingine.

Springi, baa na spesa

HiAce ina springi za bapa nyuma na toshenbaa mbele, yaani vyuma vinavyojisokota kufanya kazi ya springi. Wenye matatu hupenda kuongeza bapa moja au mbili nyuma ili mkia usibonyee. Gari likijaa, linakaa sawa. Likiwa tupu, mkia unabaki juu na pua inainama, na hapo kuna madhara yasiyoonekana. Mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia umeinamishwa nyuma kidogo; mafundi wa alaimenti wanauita kasta. Mwinamo huo ndio unaolirudisha gurudumu katikati lenyewe. Ukiinua mkia, unaupunguza. Gari linapoteza hamu ya kwenda moja kwa moja, na safari tupu ya kurudi siku ya kusi inakuwa kero. Kwa hiyo ukiongeza bapa, lipeleke alaimenti baadaye likiwa katika hali unayolitumia zaidi, na umwambie fundi aisome kasta pia, asiishie kwenye kulinganisha matairi ya mbele tu.

Baa ya stebilaiza ya kuongeza nyuma inapunguza kulala, na abiria watakushukuru. Ila isiwe nene kuliko inavyohitajika: kadiri unavyokaza nyuma, ndivyo tairi za nyuma zinavyopungukiwa na mshiko kwenye kona, hasa lami ikiwa na mvua ya Mei.

Spesa za kupanua magurudumu sizipendi. Sentimita mbili tatu za upana zinaonekana kama jibu, lakini zinaongeza mzigo kwenye beringi na nati, na kwa mbele zinafanya kila shimo livute usukani. Kama ulivyoona kwenye hesabu ya kupinduka, upana haukuwa tatizo letu.

Magari mapya ya Ulaya yana msaada wa kompyuta. Mercedes-Benz iliuingiza kwenye Sprinter mwaka 2013: vipimio vinahisi gari linasukumwa, na breki za upande wa upepo zinaguswa kidogo ili kuirudisha pua. Mfumo ule huanza kazi kuanzia kilomita 80 kwa saa. Matatu zetu, tangu sheria za waziri wa uchukuzi John Michuki za 2004, hazitakiwi kupita hapo. Kinachoanza kwao ndicho kinachotakiwa kuwa mwisho wetu.

Mikononi mwa dereva

Punguza mwendo. Kwa mfano wetu wa kurudi Mombasa, kushuka kutoka 80 hadi 60 kunapunguza msukumo wa ubavuni kwa karibu moja ya tano, ingawa upepo haujapungua hata kidogo. Na kwa muda ule ule wa kushtuka, gari limekwenda mita 17 badala ya 22.

Mikono miwili, lakini isiubane usukani. Wimbi likipiga, legeza pedali ya mafuta kidogo, usikanyage breki kwa nguvu, na uirudishe pua kwa kipimo kidogo kuliko moyo unavyotaka. Gari lililosogea nusu mita na kubaki kwenye njia yake halihitaji kurudishwa kwa haraka.

Kulipita lori la chumvi wakati wa kurudi ni jambo la kupangwa. Lori liko kushotoni kwako, upande ule ule wa upepo, kwa hiyo ukiwa ubavuni mwake unakaa kwenye kinga na gari linatulia ghafla. Ikiwa usukani ulikuwa umeuelemeza kushoto kupambana na upepo, sasa unaelekea kwenye lori, uunyooshe. Ukitokeza mbele ya kichwa cha lori, kusi inakushika puani kwa mara moja na kukusukuma kulia, mbali na lori na ndani zaidi ya njia ya wanaopanda. Kama hakuna nafasi ya kusogezwa huko, hakuna nafasi ya kulipita. Wakati wa kuja Malindi mambo yanageuka: lori la kukutana nalo liko kuliani, linakukinga kwa nukta moja, kisha upepo unarudi na kukutupa kushoto.

Anayenunua gari kwa njia ya Lamu na anayesita kati ya paa la kawaida na paa la juu, ajiulize abiria wake watasimama au watakaa. Paa la juu ni raha ya kuingia na kutoka, na kwa ambulansi ni lazima, mhudumu hawezi kufanya kazi ameinama. Kwa abiria 14 waliofunga mikanda, zile sentimita 30 za juu hubeba hewa tu, na kuanzia Mei hewa hiyo italipiwa kila kilomita kati ya Garsen na Mokowe.